Mzizi wa Kalahari na Wayo wa Panya

Wahenga walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu nayo ni kaburi la aina yake. Hayaonekani kwa jicho, hayapimwi kwa pishi wala kwa mizani, na shahidi wake ni mmoja tu, naye ni yule anayeumwa. Mwenye jino huweza kukesha akiguna ilhali aliyelala ubavuni mwake haoni lolote wala hasikii mdundo wa lile jino. Kwa sababu hiyo historia ya dawa za maumivu, tangu zama za kale, imekuwa historia ya ushuhuda. Mtu alikunywa maji ya mzizi fulani, akasema amepoa. Mwenzake akamwamini, akanywa naye. Swali lililowashughulisha matabibu wa kila zama ni hili: ushuhuda huo utapimwa vipi, ili kweli ijitenge na bahati, na dawa ijitenge na matumaini?

Ibn Sina alilijibu swali hilo katika Al-Qanun fi al-Tibb, kitabu alichokikamilisha mnamo mwaka 1025. Aliweka masharti saba ya kuijaribu dawa. Miongoni mwa hayo, dawa isiwe imegeuzwa tabia yake na jambo la nje. Ijaribiwe kwa maradhi yasiyochanganyika na mengine. Nguvu yake ilingane na nguvu ya maradhi. Muda wake wa kufanya kazi uangaliwe. Na athari yake ionekane daima au mara nyingi, kwani litokealo mara moja huenda likawa ni sadfa tu. Sharti la mwisho lilikuwa kwamba dawa ijaribiwe katika mwili wa mwanadamu, kwa kuwa kuijaribu kwa simba au kwa farasi huenda kusithibitishe lolote juu ya mtu.

Takriban miaka 900 baadaye, elimu ya dawa ilimweka panya pale alipokataliwa simba na farasi. Kisa cha mzizi mmoja wa kusini mwa Afrika chaonyesha vyema faida ya uamuzi huo, na pia mipaka yake.

Mmea wa ndoana

Katika mchanga wa Kalahari, ardhi inayogawika baina ya Namibia, Botswana na Afrika Kusini, huota mmea utambaao, wenye maua ya zambarau yaliyofunguka mfano wa tarumbeta. Tunda lake likikauka huota mikono iliyopinda, na kila mkono una miiba kama ndoana. Mnyama akilikanyaga, tunda humganda katika kwato, naye hulichukua mbali na kuzisambaza mbegu zake huku akichechemea. Wataalamu wa mimea wakauita Harpagophytum procumbens, yaani mmea wa ndoana utambaao. Makaburu wakauita ukucha wa shetani, na jina hilo la pili ndilo lililosafiri ulimwenguni.

Dawa, hata hivyo, haimo katika ukucha. Imo ardhini. Kutoka katika mzizi mkuu uendao kina kirefu hutoka viazi vya pembeni, ambavyo ni akiba ya maji ya mmea wakati wa kiangazi. Wasan, Wanama na jirani zao walivichimba viazi hivyo, wakavikata vipande, wakavianika juani, kisha wakavichemsha. Maji yake ni machungu mno. Waliyanywa kwa homa, kwa tumbo lisilosaga chakula na kwa maumivu ya mwili. Na unga wake waliupaka katika vidonda na majipu. Hiyo ilikuwa elimu kamili ya watu wanaoijua nchi yao: wapi pa kuchimba, msimu gani, kipande gani kichukuliwe na kipi kiachwe ili mmea uote tena.

Vita na dawa

Mwezi wa Januari 1904 Waherero waliinuka dhidi ya utawala wa Kijerumani katika nchi ambayo leo ni Namibia. Baada ya mapigano ya Waterberg mwezi wa Agosti, walisukumwa kuingia nyika ya Omaheke, upande wa magharibi wa Kalahari, na maelfu wakafa kwa kiu. Mwezi wa Oktoba Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya Wajerumani apigwe risasi. Wanama nao waliingia vitani mwishoni mwa mwaka huo, na wengi wao wakaishia katika kambi ya wafungwa ya kisiwa cha Papa, huko Lüderitz. Vita vilikwisha mwaka 1908. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yaliyotendeka yalikuwa ni mauaji ya kimbari.

Ni katika mazingira hayo ndipo mzizi ulipovuka kutoka mikono ya wenyeji kwenda mikono ya wageni. Husimuliwa kwamba mlowezi mmoja wa Kijerumani, G. H. Mehnert, alimwona majeruhi aliyekatiwa tamaa na madaktari wa jeshi akipona mikononi mwa tabibu wa kienyeji. Tabibu hakutaka kuutaja mmea wake. Mehnert, kwa mujibu wa masimulizi hayo, alimtumia mbwa kunusa hadi pale tabibu alipochimba, akaupata mzizi. Jina la Mehnert limehifadhiwa. Katika masimulizi hayo yanayorudiwa kitabu baada ya kitabu, tabibu hana jina, na majeruhi hana jina.

Msomaji wa pwani hawezi kukipita kisa hiki bila kukumbuka kwamba dola ile ile, katika miaka ile ile, ilikuwa ikitawala Tanganyika pia. Mwezi wa Agosti 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa huko Mohoro kwa ajili ya dawa yake ya maji, iliyowaunganisha watu wa kusini katika vita vya Majimaji. Upande mmoja wa bara dawa ya Mwafrika ilihesabiwa kuwa uhaini. Upande wa pili dawa ya Mwafrika ilitiwa mfukoni. Katika pande zote mbili hapakuwa na aliyekaa na mganga kumwuliza kwa adabu: dawa yako ni nini, nawe umeijuaje?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mtaalamu wa mimea O. H. Volk aliipeleka habari ya mzizi huo Ujerumani. Mwaka 1958, katika mji wa Jena, mtafiti B. Zorn aliwapa panya ambao viungo vyao vilikuwa vimevimbishwa kwa fomalini, akaripoti kwamba uvimbe ulipungua. Mwaka 1962 biashara ya kuupeleka Ulaya kwa wingi ilianza. Katika miaka iyo hiyo wanakemia waliipata ndani yake chembe chungu waliyoiita harpagosidi, ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha ubora wa mzizi: sheria za madawa za Ulaya zataka mzizi mkavu uwe nayo kwa asilimia 1.2 angalau. Wazee wa Ujerumani wenye magoti mabovu wakawa wanakunywa chai ya Kalahari.

Wayo wa panya

Mwaka huo huo wa 1962, Charles Winter na wenzake wawili wa maabara ya kampuni ya Merck, nchini Marekani, walichapisha njia mpya ya kupima dawa za uvimbe, ambayo ilienea ulimwenguni kote na bado inatumika. Njia yenyewe ni nyepesi. Panya hupigwa sindano ndogo chini ya ngozi ya wayo wa nyuma, sindano yenye maji mazito ya karagenani. Wayo huanza kuvimba. Baada ya saa tatu hivi hutumbukizwa katika chombo chenye kimiminika, na kiasi kinachopanda ndicho kiasi cha wayo. Panya waliopewa dawa kabla ya sindano hulinganishwa na wasiopewa. Tofauti baina yao, ikihesabiwa kwa asilimia, ndiyo nguvu ya dawa.

Karagenani hiyo ni ute wa mwani mwekundu. Ile ipendwayo na maabara aghalabu hutoka katika mwani wa bahari za baridi, lakini ukoo wake ni mmoja na mwani ambao wanawake wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiulima tangu mwaka 1989, wakiufunga katika kamba wakati wa maji kupwa na kuuanika juani kabla ya kuuza. Ute wa mwani wa Unguja huenda viwandani kugandisha vyakula na dawa za meno. Kitu kitokacho baharini, kisicho na madhara mdomoni, kikipenya chini ya ngozi huuamsha mwili kupigana. Na katika vita hivyo hutokea zile alama nne alizozitaja Celsus wa Roma katika karne ya kwanza: wekundu, uvimbe, joto na maumivu.

Kwa maumivu peke yake kulikuwa na mitihani mingine. Tangu mwaka 1944, kwa kazi ya Woolfe na MacDonald, panya huwekwa juu ya sahani iliyotiwa moto, kiasi cha nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi, na sekunde huhesabiwa mpaka arambe wayo au aruke, kisha huondolewa upesi asiungue. Katika mtihani mwingine panya hutiwa tumboni sindano ya asidi ya siki, na mikunyato ya mwili wake huhesabiwa. Mtihani wa kwanza huonyesha zaidi dawa zifanyazo kazi katika ubongo na uti wa mgongo, kama afyuni. Wa pili huonyesha pia zile zifanyazo kazi pale penye jeraha. Hivyo ndivyo ulimi ulivyotafutiwa mbadala: mnyama asiyeweza kusema ameumwa kiasi gani, husemewa na sekunde na hesabu.

Lakini kila mtihani hubeba ndani yake swali maalumu. Aspirini ilikuwa imetengenezwa na Felix Hoffmann katika kampuni ya Bayer mwaka 1897, nayo ni mjukuu wa gome la mti wa Ulaya ambalo Kasisi Edward Stone aliwasilisha habari zake London mwaka 1763, baada ya kuwajaribia wagonjwa wa homa. Ilitumika zaidi ya miaka 70 pasina mtu kujua inavyofanya kazi. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, chembe zinazochochea uvimbe na kuzidisha maumivu. Mwaka huo huo ilidhihirika kwamba prostaglandini ndizo zinazoutawala uvimbe wa wayo wa panya katika ile saa ya tatu ya kipimo. Maana yake ni kwamba wayo wa panya hauulizi tu kama dawa inafaa. Unauliza: je, wewe ni wa ukoo wa aspirini?

Kesi ya mzizi

Swali hilo ndilo aliloulizwa mzizi wa Kalahari. Mwaka 1979 McLeod na wenzake, na mwaka 1981 Grahame na Robinson, walitoa matokeo yasiyoupa moyo. Mwaka 1983 Whitehouse na wenzake, nchini Kanada, walichapisha hukumu iliyoonekana kuwa ya mwisho. Walikuwa wamewalisha panya mzizi huo kwa kipimo kilichozidi cha binadamu mara 100 na zaidi, wakawavimbisha nyayo kwa karagenani na kwa vijidudu vilivyouawa, na uvimbe haukupungua hata kidogo. Indomethasini, dawa ya ukoo wa aspirini, iliizuia kazi ya kutengeneza prostaglandini, mzizi haukuizuia. Wakahitimisha kwamba mzizi huo hauna sifa walizonazo jamaa wa aspirini.

Mtu angeweza kuifunga kesi hapo na kusema kwamba watu wa Kalahari, na Wajerumani baada yao, walijidanganya. Ila mwaka 1992 watafiti wa Ufaransa, Lanhers na wenzake, waliuliza swali lile lile kwa njia nyingine. Waliyakamua maji ya mzizi, na badala ya kuwapa panya kwa mdomo wakawapiga sindano ndani ya fumbatio. Safari hii wayo uliovimbishwa kwa karagenani ulipungua uvimbe, na mikunyato ya maumivu ikapungua. Kisha wakayatia maji yale katika asidi, mfano wa ile iliyomo tumboni, na nguvu ile ikatoweka. Harpagosidi yenyewe, chembe iliyofanywa kipimo cha ubora, haikuonekana kuwa ndiyo inayotuliza uvimbe. Mwaka 2001 Fiebich na wenzake, kwa kutumia seli za damu ya binadamu, walionyesha kwamba mzizi huzuia utengenezaji wa kichocheo kingine cha uvimbe, mbali na njia ya aspirini.

Matokeo hayo hayamtii mtu yeyote katika uongo. Whitehouse alikuwa na haki: mzizi si wa ukoo wa aspirini. Lanhers naye alikuwa na haki: umo ndani yake uwezo ambao mlango wa kuingilia waweza kuupoteza au kuuhifadhi. Tena asidi ya tumbo yafanana na lile sharti la kwanza la Ibn Sina, kwamba dawa isiwe imegeuzwa tabia yake kabla ya kufanya kazi. Mtihani ni kama kadhi: hutoa hukumu juu ya shauri lililoletwa mbele yake, si juu ya mashauri yote.

Ushahidi wa wanadamu

Lililobaki lilikuwa ni kumrudia mwanadamu, kama alivyotaka Ibn Sina. Mwaka 1999 Sigrun Chrubasik na wenzake, nchini Ujerumani, walichapisha jaribio la wagonjwa 197 wenye maumivu ya mgongo. Kwa wiki nne kundi moja lilipewa kidonge kitupu, la pili kipimo kidogo cha mzizi, la tatu kipimo kikubwa, na mgonjwa hakujua yumo katika kundi gani. Waliohesabiwa kupona ni wale tu waliokaa siku tano za wiki ya mwisho bila ya maumivu na bila ya dawa ya ziada. Katika kundi la kidonge kitupu walikuwa 3, katika la kipimo kidogo 6, katika la kipimo kikubwa 10. Si muujiza, lakini ngazi yaonekana: kipimo kilipopanda, walionafuu nao walipanda.

Mwaka 2003 watafiti hao waliulinganisha mzizi na rofecoxib, dawa mpya na ya ghali iliyouzwa na Merck kwa jina la Vioxx. Wagonjwa walikuwa 88, muda wiki sita. Tofauti ya wazi haikuonekana, ingawa jaribio lilikuwa dogo mno kuweza kutangaza kwamba dawa hizo mbili ni sawa. Rofecoxib ilikuwa imeufaulu vizuri mtihani wa wayo wa panya. Mnamo Septemba 2004 Merck yenyewe iliiondoa sokoni, baada ya kuthibitika kwamba iliongeza hatari ya mshituko wa moyo na kiharusi. Dawa iliyopasi ikawaumiza watu. Mzizi ulioanguka ukawapa baadhi yao nafuu. Wayo wa panya haukusema uongo katika yote mawili. Haukuulizwa habari ya moyo.

Haki itakiwayo hapa ni ya pande zote. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014 yaliona dalili kwamba mzizi hupunguza maumivu ya mgongo kuliko kidonge kitupu kwa muda mfupi, lakini yakasema pia kwamba ushahidi huo ni hafifu na wahitaji majaribio bora zaidi. Wenye vidonda vya tumbo huonywa wasiutumie. Mzizi kutoka ardhini hauwi salama kwa sababu tu umetoka ardhini.

Nani ahesabiwe shahidi

Leo mzizi huo unauzwa Ulaya kwa maumivu madogo ya viungo chini ya sheria ya mwaka 2004 ya dawa za mitishamba za jadi. Sheria hiyo haitaki ushahidi wa majaribio kama yale ya hospitali. Yatosha dawa iwe imetumika miaka 30, na isiwe na madhara yanayojulikana ya kuikataza. Hapo ushuhuda wa watumiaji, ule ulioshukiwa tangu mwanzo, umerudi na kukaa kitini. Lakini sheria yaongeza sharti: katika miaka hiyo 30, angalau 15 iwe ndani ya Umoja wa Ulaya. Matumizi ya vizazi vya Wasan na Wanama, yakiwa peke yake, hayaifikishi dawa sokoni. Ilimbidi Mjerumani mwenye goti bovu anywe miaka 15 ndipo Kalahari iaminiwe.

Wachimbaji nao, wengi wao watu maskini wa mashamba na vijiji vya Namibia, wameendelea kuchimba viazi na kuviuza vikavu. Mamia ya tani husafirishwa kwa mwaka. Mwaka 2000, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Nairobi juu ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini, Ujerumani ilipendekeza biashara ya mzizi huo idhibitiwe, kisha ikaliondoa pendekezo lake. Mwaka 2010 mkataba wa Nagoya uliweka kanuni kwamba faida itokanayo na mimea, na ujuzi wa jadi unaoandamana nayo, igawanywe kwa haki na wenyewe. Kanuni hiyo ilikuja zaidi ya miaka mia moja baada ya mbwa wa Mehnert kunusa.

Visiwa na mwambao wetu una mizizi na magome yake, na karafuu inayotiwa kwenye jino. Tangu mwaka 1974 pale Muhimbili, Dar es Salaam, pamekuwepo na kitengo, kisha taasisi, ya kuchunguza dawa za asili. Dawa hizo zitapita katika sahani za moto na nyayo za panya, na ni vyema zipite, kwani anayeogopa kumwuliza mganga swali gumu hamheshimu. Amwogopa tu, au amdharau kimyakimya. Kuuliza si ujinga. Ila anayeuliza ajue alichokiuliza, asije akalichukua jibu la swali moja akalifanya jibu la maswali yote. Na juu ya karatasi ya matokeo, kabla ya jina la mtafiti na kabla ya asilimia, liandikwe jina la aliyeujua mzizi kwanza, na la kijiji chake.